Bwawa nyuma ya nyumba: niendelee na trekta letu, niite kijiko, au nifukie?

Mshauri mpendwa,

Nina shimo nyuma ya nyumba, na nina neno ambalo sijalisema ndani ya nyumba. Nianze na shimo.

Tuna trekta dogo la nguvu farasi 25 lenye bakuli la mbele, tulilonunua mimi na mke wangu kwa akiba yetu ya pamoja. Linalima, linabeba mbolea, linasawazisha njia. Mwaka huu niliamua kulitumia kuchimba bwawa: urefu mita 12, upana mita 8, kina mita 1.5, kuta wima ili lishike maji mengi. Nimepiga hesabu nikapata mita za ujazo 144. Bakuli langu hubeba robo ya mita ya ujazo, kwa hiyo ni safari 576. Nyingi, lakini sina haraka.

Nimeshaondoa udongo wa juu, sentimita 30 za udongo mweusi wenye mizizi, nikashuka sentimita 10 zaidi kwenye udongo wa manjano unaong'ang'ania kiatu. Wote nimeurundika upande wa chini, kwa sababu kiwanja kinateremka, nikikusudia uwe tuta la kuzuia maji. Hapo ndipo trekta likaanza kunigomea. Bakuli linateleza juu ya udongo badala ya kuzama, na matairi yanazunguka palepale.

Sasa hilo neno. Jumamosi iliyopita nilikuwa nateremka kwenda kumwaga, bakuli limejaa, nimeliinua usawa wa boneti lisigonge mabonge. Tairi la nyuma la kushoto likaachana na ardhi. Nikakanyaga breki, trekta likaendelea kwenda kana kwamba sijakanyaga kitu, mpaka bakuli likajichomeka kwenye rundo. Halikupinduka. Mke wangu hakuwepo nyumbani, na hadi leo sijamwambia.

Kinachonitafuna ni kwamba kabla sijaanza aliniambia: "Ukiingia humo na hilo trekta, usiingie siku ambayo sipo." Nililichukua kama dharau. Kaka yangu mkubwa naye anasema niite mtambo wa kijiko umalize kazi kwa siku moja. Nikifanya hivyo naona ni sawa na kukiri kwamba trekta letu ni pambo. Na jirani wa chini, ambaye ukuta wake uko mita 9 kutoka ukingo wa shimo, aliniuliza kwa upole: "Maji yakitoka humo yanaelekea wapi?" Nilicheka tu, maana sikuwa na jibu. Tuna watoto wawili, mdogo ana miaka 4.

Niendelee mwenyewe, niite kijiko, au nifukie yaishe?

Mwenye Shimo

*

Ndugu yangu Mwenye Shimo,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliona mtu anayeuliza habari za kuchimba. Mara ya pili nikaona mtu aliyeponea chupuchupu, ambaye tangu Jumamosi hana wa kumwambia. Umefanya vizuri kuliandika. Tuanze hapo, maana kuna sababu ya kimakanika kwa yaliyokupata, na ukiijua utaacha kudhani ulikuwa uzembe au mkosi.

Bakuli lililojaa udongo mbichi, robo ya mita ya ujazo, lina kilo kama 350. Uzito huo unaning'inia mbele ya ekseli ya mbele, na ekseli hiyo inakuwa kama egemeo la mizani: kinachoongezeka mbele kinapunguza uzito wa nyuma. Hukutaja mzigo wowote uliofungwa nyuma, kwa hiyo nadhani haukuwepo. Sasa elekeza trekta bondeni, uzito unazidi kuhamia mbele. Inua bakuli hadi usawa wa boneti, kitovu cha uzito kinapanda juu. Tairi moja la nyuma likapita kwenye bonge, likabaki hewani. Na breki je? Matrekta madogo mengi yana breki kwenye magurudumu ya nyuma tu. Tairi lililo hewani hata ulifunge kabisa halizuii kitu, na mwenzake aliye ardhini alikuwa mwepesi mno kushika. Kama gia ya kuvutisha magurudumu yote manne haikuwa imeingizwa, yale ya mbele yaliyobeba uzito wote yalikuwa yanajizungukia bure, hayana habari na breki yako. Ikiwa imeingizwa, breki ya nyuma huyafikia ya mbele kupitia gia.

Kwa hiyo chochote utakachoamua, kuna mambo ya kurekebisha kabla injini haijawaka tena. Nyuma pafungwe mzigo kwenye vile viungo vitatu vya kufungia zana. Pipa la lita 200 lililojazwa zege nusu lina kilo kama 240, na kitabu cha trekta lako kitakuambia kama viungo vyako vinaruhusu zaidi ya hapo. Magurudumu manne yavute kila ukiwa na bakuli lenye kitu. Bakuli lisafiri chini, sentimita 30 kutoka ardhini. Mabonge yawe yamesawazishwa kabla, usiyakwepe kwa kuinua mzigo. Teremka ukiwa kwenye gia ndogo tangu juu, usibadilishe katikati ya mteremko. Panda na shuka kwa kunyooka, usikate kona ukiwa kwenye mwinamo. Upinde wa chuma nyuma ya kiti usimamishwe na mkanda ufungwe. Viwili hivyo vinategemeana: upinde bila mkanda unakurusha nje, kisha trekta linakuangukia.

Haya, tugeukie shimo lenyewe.

Umeandika kuta wima. Naelewa nia, maji mengi kwenye eneo dogo, lakini ukuta wima wa mita 1.5 wa udongo unaolowa na kukauka haudumu. Utapasuka, utamomonyoka, na ukimwangukia mtu aliyeinama sakafuni utamfunika: mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi. Bwawa la udongo hukaa vizuri kuta zikilala mbili kwa moja, yaani kila mita moja ya kushuka, mita mbili za kwenda ndani. Trekta lako nalo haliwezi kupanda mwinamo huo likiwa na mzigo. Linahitaji njia ya kulala nne kwa moja angalau. Kwa kina cha mita 1.5 hiyo ni njia ya mita 6, nusu ya urefu wa bwawa lako.

Chora kwenye karatasi. Ncha moja ya urefu ilale nne kwa moja, nyingine mbili kwa moja, na kuta za ubavuni mbili kwa moja kila moja. Sakafu inayobaki ni mita 3 kwa 2. Trekta lenye bakuli la mbele lina urefu wa mita 4 na ushee. Kwa maneno mengine, chini kabisa halienei. Litafanya kazi pua ikiwa sakafuni na mkia ukiwa bado kwenye njia.

Ujazo nao unabadilika. Fundi huchukua eneo la juu, eneo la katikati mara nne, na eneo la sakafu, anajumlisha, anagawa kwa 6, kisha anazidisha kwa kina. Kwako ni 96, na 37.5 mara nne, na 6: jumla 252, gawa kwa 6 unapata 42, zidisha 1.5, ni mita za ujazo 63. Si 144. Tena zile sentimita 40 za juu ambazo umeshazitoa ndizo zenye karibu nusu ya ujazo huo, kwa sababu juu ndiko kupana. Zimebaki mita za ujazo kama 32. Udongo ukichimbuliwa huvimba, mfinyanzi kwa asilimia 30 hivi, kwa hiyo utabeba kama 41. Hizo ni safari 165 za bakuli lililojaa. Shimo ulilodhani hujaligusa, kumbe uko katikati yake.

Ila nusu iliyobaki ndiyo nusu mbaya, nisikufiche. Bakuli la mbele limeundwa kuchota kilicholegea, halikuundwa kuchimba. Ndiyo maana linateleza. Ukitaka kuendelea nalo, funga plau au ripa (jino la chuma la kupasua ardhi) nyuma, pasua sentimita 10 hadi 15, kisha rudi uchote tabaka hilo tu, bakuli likiwa limelala bapa na meno yameinama kidogo. Pasua, chota, pasua, chota. Ukilielekeza bakuli chini kwa pembe kali ukidhani ndiyo nguvu, unainua ekseli ya mbele na kupinda silinda za haidroliki. Udongo uwe na unyevu wa kiasi: ukiufinya ushikane, ukiupiga kidole uvunjike. Ukiwa umelowa unaganda ndani ya bakuli na haumwagiki. Ukikauka ni tofali.

Shida itakuja kina kitakapopita mita moja hivi. Hapo hakuna nafasi ya kugeuka, unaingia kwa mbele na kutoka kwa kurudi nyuma, na ukitoka hivyo bakuli zito liko bondeni huku matairi ya nyuma yakiwa juu na mepesi. Ni yale yale ya Jumamosi, kwenye mwinamo mkali zaidi. Inawezekana kwa bakuli nusu, mzigo wa nyuma, na udongo mkavu wa juu. Lakini ukibeba bakuli nusu tangu sasa, safari 165 zinakuwa 330, na kwa dakika 3 kila moja ni saa 16 na zaidi, ukiacha za kupasua.

Sasa niulize kitu. Kwa nini kuita kijiko iwe ni kulishusha hadhi trekta lenu? Mtambo wa kijiko wenye mkono unasimama ukingoni na kuchimba bila kushuka, kwa hiyo zile kuta za mbili kwa moja na ile sakafu nyembamba ndiyo kazi yake. Lakini ukimaliza unaondoka na kukuachia rundo mahali mkono wake ulipofika. Mita zile 41 bado zinahitaji kuhamishwa, kutandazwa na kushindiliwa, na hiyo ni kazi ambayo trekta lenye bakuli huifanya vizuri kuliko kijiko. Watu wengi hugawa hivyo. Ina hatari zake pia: mwendesha mtambo asiyepewa vipimo huchimba anavyojua, hukwaruza hadi kwenye mchanga ulio chini ya mfinyanzi, na mtambo mzito huharibu njia ya kuingilia. Kama utaegemea huko, weka vigingi, weka kamba, na usimame naye na fimbo yenye alama za kina.

Kuna njia nyingine ambayo hukuitaja. Unaweza kuishia mita moja. Trekta linafika huko bila kubanwa sana. Utapata maji machache na yenye joto zaidi, mimea itajaa haraka, na jua litanywa sehemu kubwa. Uso wa mita za mraba 96 ukipoteza milimita 5 kwa siku, ni lita 480 kila siku. Kama bwawa ni la samaki au la kumwagilia, kina kina maana kubwa. Kama ni la kutazama jioni, labda si sana. Barua yako haisemi ni la nini. Ningependa mliseme, wewe na mama watoto, kwa sababu hesabu zote hizi zinaanzia hapo.

Kabla ya yote hayo, hakikisha udongo utashika maji. Ule wa manjano unaonata ni dalili nzuri. Chukua kipande chenye unyevu, ukikamue kati ya kidole gumba na cha shahada: ukitoka utepe wa sentimita 5 bila kukatika, mfinyanzi upo wa kutosha. Kisha toboa shimo jembamba kama la nguzo pale patakapokuwa na kina kikubwa, mita 1.4 kutoka hapo ulipofika, ili uone hizo sentimita 30 zitakazokaa chini ya sakafu. Angalia kinachotoka. Ukikuta mchanga au changarawe, umeokoa bwawa zima kwa shimo moja. Lijaze maji, liache usiku kucha linywe, asubuhi lijaze tena na upime baada ya saa 24. Likishuka vidole viwili vitatu, kuna tumaini. Likikauka, utahitaji mfinyanzi wa kuleta, sentimita 30 kwa tabaka za 15 zilizoshindiliwa, au nailoni ya bwawa. Kwa vipimo vyako nailoni ni mita 16 kwa 12: urefu na upana, kila kimoja ukiongezewa kina mara mbili na mita moja ya kufukia kingo. Na likijaa maji lenyewe bila wewe kumwaga, maji ya ardhini yako juu. Nailoni juu ya maji hayo itavimba kama puto. Kama hujui mabomba, nyaya na shimo la maji taka vimepita wapi, kiulize kwanza hicho, na uulize pia ofisi inayohusika kwenu kama bwawa linahitaji kibali.

Jirani yako. Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani, na jibu lake linapimika. Maji yaliyo chini ya usawa wa ardhi ya asili hayana pa kukimbilia. Yanaweza kupenya polepole, lakini hayapasuki. Maji ya kuogopa ni yale yanayoshikiliwa na tuta. Chukua mpira wa maji wa kupigia levo, pima ukingo wa juu na ukingo wa chini. Tuseme tofauti ni sentimita 40. Ukijaza bwawa hadi ukingo wa juu, tuta la chini litabeba sentimita 40 za maji juu ya ukuta wa jirani. Ukiukubali ukingo wa chini kuwa ndio mdomo wa bwawa, na maji yakaishia sentimita 30 chini yake, huhitaji tuta kabisa, ila unapoteza kina.

Kama bado unataka tuta, lile rundo halifai. Udongo mweusi una mizizi. Mizizi inaoza, inaacha vishimo, na maji yanafuata vishimo. Uhamishe kando, utakufaa kuotesha nyasi kwenye kingo mwishoni. Tuta hujengwa kwa mfinyanzi, juu ya ardhi iliyokwanguliwa majani, tabaka la sentimita 15 kwa 15, kila tabaka likishindiliwa kabla ya linalofuata. Matairi ya trekta hushindilia, lakini ni mapana, kwa hiyo pita mara nyingi na kwa kupishana. Na tuta au hakuna tuta, mvua kubwa lazima ipewe mlango: mfereji mpana wa kumwagia, ulioteshwa nyasi, uliochimbwa kwenye ardhi isiyofukiwa, ukielekea mahali ambapo wewe na jirani mmepakubali. Pengine nenda naye hadi pale mkapaone kabla hujachimba zaidi. Bwawa likishajaa mtabishana nalo halina masikio.

Mdogo wa miaka 4 hasubiri bwawa likamilike. Shimo ulilonalo leo, mvua moja tu, ni bwawa tayari. Uzio unakuja kabla ya kina. Ule upande wa nne kwa moja utamsaidia mtoto aliyeteleza kutoka, ingawa nailoni ikilowa ni utelezi mtupu, na maji hayo ya kina kifupi yenye majani ndiyo mbu wanayoyapenda. Kila umbo lina bei yake.

Nimebakiza mama watoto makusudi. Umelisikia neno lake kama dharau. Lisome tena polepole: "usiingie siku ambayo sipo." Hakusema usiingie. Huenda mimi nakosea, wewe ndiye unayemjua, lakini mimi naona kama alikuwa anakubali kwa sharti moja, na sharti lenyewe ni lile ambalo kila mtu anayefanya kazi na trekta kwenye shimo angepaswa kuwekewa: awepo mtu wa kuzima injini na kuita msaada. Kama ndivyo, unachoficha si kwamba hukuweza. Unaficha kwamba sharti lilivunjwa siku ileile lilipohitajika. Kumwambia kunaweza kuleta hasira, na anaweza kusema basi, trekta lisiguse humo tena. Hiyo ni gharama ya kweli, siwezi kukuambia haipo. Kutomwambia nako kunamwacha akiamua mambo ya mali yenu na maisha yenu kwa taarifa pungufu. Ukiamua kusema, nenda na maelezo ya tairi na breki pamoja na lile pipa la zege, ili mzungumzie kitu kinachoeleweka badala ya kuanza upya habari ya nani alimdharau nani.

Hata kufukia si aibu, ingawa nako kuna namna yake: ni tabaka kwa tabaka vilevile, la sivyo mwakani utakuwa na kidimbwi ambacho hukukitaka.

Lile shimo jembamba la majaribio halihitaji trekta wala ruhusa ya kaka. Litoboe wiki hii, ulifunike watoto wasitumbukize mguu, na ukishapata kipimo cha saa 24 niandikie tena. Nitataka kujua maji yalishuka kiasi gani, na mama watoto alisema nini kuhusu lile tairi.